Sanduku la Marehemu

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Simiyu,

Pokea salamu kutoka Kitale, ambako mvua inanyesha huku jua likiwaka. Leo nilichagua sanduku dogo la magurudumu, la kuingia nalo ndani ya ndege kesho niendapo Nairobi kwa mkutano wa chama chetu cha wakulima. Muuzaji alikuwa mjane.

"Mzee, hii ilikuwa ya bwanangu," alisema. "Vitu yake haijagawanywa, lakini wewe chukua tu. Skia magurudumu, haina kelele."

Najua vizuri kwamba mali ya marehemu haiguswi kabla ukoo haujaigawa. Hata hivyo, vipimo vilikuwa sahihi, nami nikalichukua.

Chumbani, katika nyumba ya wageni nilikofikia, nililiegemeza ukutani, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, lilikuwa limesimama mlangoni, mpini wake umeinuliwa. Niliweka kalamu sakafuni nione kama pana mteremko. Kalamu haikusogea. Nikaenda kumwita mwenye nyumba ya wageni. Tuliporejea, sanduku halikuwepo.

"Si nimeona ikipita, mzee," mfagiaji akasema. "Nikadhani ni wewe unavuta."

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuandika jina langu, na nyumbani kwetu Lugulu, kwenye lebo yake. Kadi hii nimempa mchungaji mwenye gari ili ikufikie kabla ya sanduku hilo. Ukisikia hata mkwaruzo mdogo wa magurudumu uani, usifungue mlango. Mimi nitakuita kwa jina lako la usichana.

Mungu akulinde, mpenzi wangu.

Mumeo