Koti na Marupurupu ya Nyumba

Jumatatu, 3 Machi

Dawa, uji, dawa tena. Binti yangu Achieng' amenikalisha barazani, akaniwekea miguu juu ya kiti kingine, akaenda kazini hospitalini Kombewa. Miguu imevimba tena. Daktari anasema moyo umechoka. Sikumuuliza umebakiza nguvu kiasi gani.

Kuna jambo nimelificha. Nilipokuwa mkuu wa chuo niliidanganya kamati ya wafanyakazi kuhusu Rose Adhiambo, mwalimu wa hesabu, mjane wa binamu yangu Ouma. Kwa uongo wangu akanyimwa marupurupu ya nyumba mpaka alipostaafu. Mke wangu alikufa bila kujua. Achieng' hajui.

Ninaliandika jambo hili leo kwa sababu jana Achieng' aliniletea habari. Walimu wanawake wa chuo kile wamepeleka malalamiko kwa bodi. Wanataka walipwe walichonyimwa. Alinisomea kwenye simu huku akishangilia. Nilimwambia chai imepoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala vibaya. Niweke mambo sawa.

Kanuni ya chuo ilikuwa hivi. Mwanamke mwenye mume hapewi marupurupu ya nyumba, kwa kuwa mume anapewa kazini kwake. Asiye na mume anapewa. Mwanamume anapewa kwa vyovyote. Rose na mwalimu mwenzake Otieno waliajiriwa siku moja. Shahada moja, madarasa yanayopakana. Otieno alikuwa akiishi katika nyumba ya serikali ya mkewe muuguzi, na bado alipokea marupurupu yake yote. Hakuna aliyemuuliza mkewe analala wapi.

Ouma alipofariki, Rose aliomba ahesabiwe kuwa mjane. Ombi la haki kabisa. Lilikuja mbele ya kamati, mimi nikiwa mwenyekiti.

Kwetu, mjane akirithiwa na ndugu wa marehemu mumewe, koti la mwanamume huyo huning'inizwa nyumbani kwake. Kila mtu anaelewa. Nilisema: "Huyu hana shida ya nyumba. Koti limeshaning'inizwa." Wakacheka. Mmoja akauliza, "Ni nani huyo mwenye bahati?" Wakacheka zaidi. Mimi pia nilicheka. Watu wa vyuo vikuu, tai shingoni, tukalihesabu koti kuwa mume. Tulimaliza shauri lile kabla chai haijaletwa.

Hapakuwa na koti. Rose alikataa kurithiwa. Nilijua.

Jumamosi, 8 Machi

Njoroge amekuja. Alikuwa katibu wa kamati ile. Alifika Kisumu kutoka Nyeri akiwa kijana na hakurudi tena. Siku hizi ana duka la mabati. Katika kamati tumebaki mimi na yeye tu. Ameleta ndizi, akala tatu mwenyewe.

Naye amesikia. Amesema wakili wa chuo ameanza kuchambua majina. Wajane walionyimwa kinyume cha kanuni watalipwa bila ubishi mkubwa. Rose ameondolewa. Wakili anasema huyu alirithiwa, kwa hiyo alikuwa mke wa mtu, na kamati ilithibitisha.

"Mzee, wewe ukikaa kimya, mimi nitakaa kimya," akasema. "Uko mlangoni unatoka. Sasa unataka kurudi kufagia ukumbi?"

Nikamwambia pengine ukumbi ni mchafu.

"Ni mchafu, ndiyo. Lakini ufagio ulikuwa na wewe miaka yote hiyo, Bwana Mkuu."

Halafu akauliza lile koti hasa lilikuwa la nani. Nikasema sikumbuki. Aliniangalia kidogo, akamenya ndizi ya nne.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Kifua.

Achieng' amerudi kutoka kanisani akiwa amekasirika, na si mahubiri yaliyomkasirisha. Hospitalini kwao kuna kijana mfamasia aliyekuja mwaka jana. Achieng' ndiye aliyemfundisha kazi. Leo, baada ya ibada, kijana mwenyewe amemtajia mshahara wake, bila ubaya wowote, akidhani ni sawa na wa Achieng'. Ni mkubwa kuliko wake.

"Walisema yeye ana familia ya kulisha," Achieng' akaniambia. "Na mimi, Baba, ninalisha paka?"

Yeye ndiye anayeninunulia dawa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Ziwa halionekani.

Namfikiria Rose. Baada ya kamati ile alihama nyumba ya karibu na chuo, akapanga vyumba viwili mtaani Nyalenda na watoto wanne. Maji yaliingia kila msimu kama huu. Akafundisha madarasa ya jioni ili kuziba pengo la fedha. Shahada yake ya uzamili aliiacha katikati. Otieno alimaliza ya kwake, akapanda, akawa mkuu wa idara, akamtuma Rose kazi kwa vikaratasi. Mtu akiuliza kwa nini Otieno alimpita, jibu lilikuwa tayari: huyu ana masomo zaidi.

Nilipitisha vyeo vyote vile. Nililala usingizi mzuri.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha bodi ni Ijumaa. Achieng' anaisaidia kamati ya walimu wanawake kupiga simu. Amemtafuta Rose pia. Rose amemwambia hatakuja kubishana na wakili kuhusu nani aliingia nyumbani kwake. Amesema amechoka kuthibitisha kitu ambacho hakikutokea. Watoto wake wanamshauri aache.

Achieng' ananiuliza: "Baba, wewe si ulikuwepo? Ni kweli alirithiwa?"

Nikajifanya nimesinzia. Mzee wa miaka themanini anaruhusiwa. Alinifunika blanketi.

Njoroge hatasema. Nisiposema mimi, Rose anabaki mke wa mtu asiyekuwepo.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshindwa kula. Nilijaribu kujiambia kwamba ilikuwa kanuni ya wakati ule. Ni kweli, ilikuwa kanuni mbaya, na ilimnyima kila mke. Lakini Rose hakunyimwa na kanuni. Kanuni ilikuwa upande wake. Aliyemnyima ni mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Achieng' kwamba Rose hakurithiwa na mtu yeyote, na kwamba uongo ulitoka kinywani mwangu. Nimemwomba anipeleke kesho.

Alikuwa anahesabu vidonge vyangu. Aliacha.

"Kwa miguu hiyo?"

"Kwa miguu hii."

"Wakili atakuuliza ulijuaje, Baba. Atauliza ni mwanamume gani aliyesemwa."

Nikasema najua. Akaendelea na vidonge. Aliniwekea maji ya kumezea, akaenda chumbani kwake bila kuniaga. Kwa kawaida hunishika bega.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi tulivu. Mvua imekatika. Baraza limekauka na nimekalia kiti kile kile.

Jana nilisema. Njoroge alinikuta mlangoni mwa chuo, akasukuma kiti changu cha magurudumu mpaka ukumbini, akilalamika kwamba nina uzito wa gunia la sementi. Kisha akaketi kando yangu. Wakili alipomuuliza kama anayakubali maneno yangu, alisimama akasema, "Mzee amefagia. Mimi naongeza maji." Watu wakacheka, nami nikapata pumzi.

Rose alikuja. Sikumtarajia. Kitambaa cheupe kichwani, mkoba magotini. Jina lake limerudishwa pamoja na wajane wengine. Atalipwa lini, hakuna anayejua. Hakunishukuru, wala hakupaswa kunishukuru. Wakati wa kutoka alisimama mbele ya kiti changu.

"Shemeji, umezeeka," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Ungekuja mapema, ungekuja kwa miguu yako."

Akaenda zake. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumatano, yote yakanipotea.

Nyumbani Achieng' alinipa uji. Leo asubuhi amenishika bega, kidogo tu, akaenda kudai mshahara wake kwa maneno makali aliyoyaandaa usiku kucha. Ameniomba niyasikilize kwanza. Nimesikiliza. Nimemwambia asipunguze hata moja.

Limebaki lile swali nililolijibu jana mbele yao wote, ambalo hapa bado nimelikwepa. Wiki mbili nimekuwa nikiandika "mwanamume", "koti", kana kwamba nasimulia habari za jirani.

Baada ya mazishi ya Ouma nilikwenda kwa Rose. Nilikuwa na mke, nilikuwa na cheo, na niliona ni haki yangu. Nilivua koti langu la kijivu nikalining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango wake, bila kumuuliza. Rose aliliondoa kabla sijaketi. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akanirudishia. Akasema, "Shemeji, nje kuna baridi."

Siku ya kamati, nilipowaambia kwamba koti linaning'inia nyumbani kwa Rose, nilikuwa nimelivaa.