Mbwa wa Mzee Raimundi

Litumbandyosi,
Mbinga.
19 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima, kifua kimetulia, na kaka Hamphrey anavua usipa wa kutosha kuanika. Huku baridi imeshaanza, ila tunapumua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu, nawe ungedhani nimepigwa. Sijapigwa, mama. Tangu jana nimeduwaa tu.

Unajua mwenyewe nilivyo tangu yule mbwa wa kwenye vichanja vya usipa aliponing'ata mguu. Nikiona mbwa, hata awe kitoto, akili inahama. Wewe ulishanizoea. Lakini nilipoolewa huku milimani niliona haya, mtu mzima na khanga zangu, kusema ukweni kwamba naogopa mbwa. Nilimwambia Wendelin peke yake, nikamwapisha asimwambie mtu.

Wakwe zangu, mzee Raimundi na mama Kunigunda, walikuwa na dume jeusi la mbwa, la kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Na huku, mama, mke wa mtoto haamkii akiwa njiani. Anaingia uani, anapiga magoti, anashika ufagio au anageuza kahawa iliyoanikwa, ndipo anahesabiwa kwamba amefika. Mimi nilikuwa nasimama barabarani, nyuma ya mibuni, napaza shikamoo yangu kama muuza dagaa, kisha napita. Wendelin anafanya kazi Mbinga mjini na huja mwisho wa mwezi. Akiniuliza, namwambia juzi tu nilishinda kwao. Akitaka twende wote, tumbo linaniuma. Watu wakaanza kusema kwamba ni maringo ya watu wa ziwani. Nikawaacha waseme, maana afadhali maringo kuliko kuchekwa.

Usiku nilikuwa nikimsikia huyo mbwa akibweka shambani, kati ya nyumba yao na yetu. Nilikuwa nafunga mlango jua halijazama, na haja zangu zote kwenye ndoo, kama mgonjwa. Kufika Machi sauti ilikuwa inakwaruza, nikafurahi nikidhani anazeeka. Mwanzoni mwa Aprili akanyamaza kabisa. Nilimshukuru Mungu, mama, kwa magoti.

Siku zilezile mzee Raimundi akalazwa kwa nimonia, na hakurudi. Hata msibani sikuingia uani, kwani mbwa kunyamaza si kufa. Nilipikia waombolezaji kwa jirani yetu Hilda, ng'ambo ya barabara, na siku ya kuzika nikaenda moja kwa moja makaburini. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Jana, baada ya misa ya arobaini, ukoo ulikaa kunijadili. Walikaa kwenye uwanja wa kanisa, kwa sababu walijua kwao siingii. Baba mdogo Florian, mdogo wake marehemu, akasema Wendelin anirudishe kwetu Lipingo, kwani mwanamke asiyeingia hata kwenye msiba wa mkwewe hana alichofuata. Wendelin alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona ndoa inaondoka hivihivi, ikabidi niseme. Nikawaambia naogopa mbwa, tena naogopa mpaka kuugua. Nilingoja wacheke, hakuna aliyecheka. Mama Kunigunda akaniuliza ni mbwa yupi.

Kumbe Wendelin alimwambia baba yake tangu Desemba. Wiki ileile mzee alimpeleka mbwa kwa rafiki yake Clemence, kule Tingi, akawakataza wote kunigusia. Alisema mkwe asiaibishwe, ataona mwenyewe kwamba uani hakuna mbwa, ataingia. Wakangoja niingie.

Mimi nikabisha. Niliwaambia wasinifanye mjinga, mbwa nimemsikia kwa masikio yangu hadi Aprili. Mama Kunigunda akajifunika uso kwa khanga. Aliyenijibu ni baba mdogo Florian, safari hii kwa upole. Alisema nguruwe walipogundua mbwa hayupo walishuka, wakalala kwenye mahindi. Mzee akajijengea kibanda shambani, akalala humo masika yote, na kila akisikia mahindi yanavunjika alitoka kwenye mvua akabweka. Alijua kubweka vizuri, tangu ujana.

Mama, niliyekuwa namfungia mlango ni baba mkwe. Niliyefurahi anazeeka ni yeye. Nilipopiga magoti kushukuru, walikuwa wamempakia kwenye gari kumpeleka hospitali.

Sikuweza kulia. Nilisikia Wendelin akisema ataacha kazi alale kwenye kibanda mpaka tuvune, nikasimama nikawaambia hapana, mbwa arudishwe. Nilisema bila kufikiri, na sijutii, lakini usidhani nimepona. Mama Kunigunda akanishika mkono, tukaenda mpaka kwake, nikaingia. Ua wenyewe ni mdogo, mama, umefagiwa, una kuku na mkeka wa kahawa.

Msalimie sana kaka Hamphrey na shemeji, na watoto uwabusu. Kanisani waambieni wamkumbuke mzee Raimundi, ingawa alikuwa Mkatoliki. Clemence anamleta mbwa Jumamosi, na nimesema nitakuwepo uani. Niombee nisikimbie.

Ni mimi mwanao,
Violet