Sindano ya Mfupa Inarudi Rosario

Mtaa wa Mulino 14,
Langhirano, Parma.
Jumapili, 2 Julai 2023

Dada yangu mpendwa Armida,

Kabla ya yote pokea salamu zetu kutoka bondeni. Goti lako linaendeleaje? Delfina ananiambia unapanda ngazi kwa kushika ukuta huku ukimgombeza kila anayetaka kukusaidia. Nimemwambia basi bibi yake ni mzima wa afya. Na shemeji Remo, kifua kimempoa? Sisi huku hatujambo. Ivonne analalamika juu ya joto, mimi nalalamika juu ya Ivonne, na nyanya zimewahi kuiva mwaka huu.

Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Ungenikatiza kabla sijafika neno la tatu, na haya nimeyabeba muda mrefu mno, sitaki yakatizwe. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua anakuletea mjukuu wako kwa mkono wake. Sasa hivi yuko jikoni na mke wangu, wanasukuma unga wa tambi za tortelli na kunicheka jambo ambalo hawataki kuniambia. Ndege yake ni kesho mchana.

Kwanza nikusifie mtoto, maana umelea, dada. Wanafunzi ishirini na wawili walitoka huko kwenu Rosario, Argentina, na profesa wao kuja kujifunza biashara huku kwetu, na katika hao wote ni Delfina peke yake aliyekuwa akinipigia simu kutoka kila mji. Milano aliwaona mafundi wanaokata kitambaa cha suti bila kupiga mstari. Torino walikwenda kwenye kiwanda cha chokoleti, akala mpaka akaumwa tumbo, hilo usimwambie kwamba nimekuambia. Cremona alimkuta fundi wa fidla anayegonga ubao kwa kidole na kusikiliza, halafu anautupa au anaubakiza, basi.

Profesa kila mahali huuliza habari za faida na masoko. Huyu wako huuliza swali moja tu: nani anayesema kitu hiki ni kizuri? Alinieleza hivyo kwenye simu. "Babu, kila kiwanda kina mtu mmoja anayeamua, na huyo mtu haangalii karatasi. Mmoja anaamua kwa vidole, mwingine kwa sikio. Nyinyi huko mnaamua kwa kitu gani?" Nikamwambia sisi tunaamua kwa pua, na kwamba siku akija atamwona anayeamua. Nilisema kwa majivuno sana, Mungu anisamehe.

Walifika Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili. Unaikumbuka nyumba ya kukaushia mapaja ya nguruwe ya akina Ghirarduzzi, yenye madirisha marefu yanayotazama mto? Sasa mwenye nyumba ni Oriana, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni. Mimi nilistaafu zamani, lakini aliniita nirudi siku tatu kwa wiki kuyadunga mapaja kwa sindano na kuinusa, kabla hayajapigwa chapa ya ubora. Aliwaweka watoto katikati ya safu, chini ya mapaja ya nguruwe elfu mbili yaliyoning'inia, akanishika bega akasema, "Huyu Learco ndiye pua ya nyumba hii. Akisema ndiyo, mimi nauza. Akisema siyo, mimi nazika." Nikaona Delfina ananitazama kwa fahari, na mimi nikanyoosha mgongo.

Sasa nikupe siri ambayo hata Ivonne hakuwa nayo. Baridi ya mwaka juzi nilipata ile homa iliyompata kila mtu. Homa iliondoka, na harufu ikaondoka nayo. Nilisubiri irudi. Kahawa ikawa maji ya moto, na shati safi na shati chafu nikawa nayatofautisha kwa macho. Sikumwambia mtu. Niliendelea kudunga, nikiamua kwa jinsi sindano inavyoingia, kwa mlio wa paja ninapoligonga kwa nyundo ya mti, na kwa mazoea ya miaka zaidi ya hamsini. Nilijidanganya kwamba yanatosha.

Basi nikachukua paja moja mbele ya watoto. Nilitoa sindano ya baba, ile ya mfupa wa farasi, nikadunga mahali patano kama tulivyofundishwa, kila mara nikiipitisha chini ya pua na kufumba macho kama padri. Nikaziba matundu kwa shahamu. Nikasema, "Safi."

Delfina akaomba kujaribu. Oriana akacheka, akamruhusu. Nilimshika mkono nikamwonyesha pa kudungia pale karibu na mfupa wa nyonga. Alichoma, akachomoa, akanusa. Halafu akarudia, jambo ambalo sikumfundisha. Akaninong'oneza, lakini mle ndani mnong'ono husikika mpaka mwisho wa safu, "Babu, hili limeoza."

Wenzake wakaangua kicheko. Mvulana mmoja akasema, "Ni miguu yako hiyo, Delfi." Profesa Quiroga akaona haya kwa niaba yake. "Delfina, huyu mzee anafanya kazi hii tangu mama yako hajazaliwa."

"Najua, profesa," akajibu kwa adabu zote. "Lakini limeoza."

Oriana akanitazama. Armida, neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ningesema, mtoto ametoka safari, ana mafua, na hakuna ambaye angebisha. Paja lingepigwa chapa ya taji jioni ile ile, na jina langu lingebaki pale lilipo. Lakini alikuwa amesimama kidevu juu na mkono kiunoni, akingoja, bila kiburi wala woga. Niliwahi kumwona mtu akisimama hivyo. Unajua ni nani.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikaomba kisu.

Nililipasua mwenyewe mpaka kwenye mfupa. Ndani nyama ilikuwa ya kijivu. Watoto wote wakarudi nyuma wakiziba pua, profesa akatoa leso, Oriana akageuza uso. Mimi peke yangu nilibaki nimeinama juu yake, kisu mkononi, nisisikie harufu yoyote. Hivyo ndivyo walivyojua.

Oriana aliwapeleka wageni kula, kisha akarudi peke yake. Hakupandisha sauti. "Tangu lini, Learco?" Nikamwambia. "Na ungeniambia lini?" Akaketi juu ya ndoo ya chumvi na mavazi yake mazuri, kama mtu aliye msibani.

Aliyetutoa pale ni Delfina. Alikuwa ameacha chakula, amerudi kunitafuta, macho mekundu. Alidhani ameniaibisha. Nikamshika uso nikamwambia ameokoa heshima yangu, maana aibu ya kuuza kibovu kwa jina la baba yetu nisingeiweza. Oriana akasema, "Machozi baadaye. Shika sindano, tuna safu nzima ya babu yako ya kurudia."

Walidunga mpaka jioni, yeye na mdungaji wa nyumba jirani tuliyemwita ahakikishe, yule Mzee Bruschi mwenye maneno. Katika mapaja mia na ishirini niliyoyapitisha, mtoto alikataa mawili. Bruschi akayanusa kwa makusudi ya kumbishia, akakuna kichwa, akasema, "Huyu mmemwokota wapi? Mimi nilihitaji miaka sita." Yakapasuliwa, na yote mawili yalikuwa mabovu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kiti kama mgonjwa, kazi yangu imeondoka mikononi siku ile ile. Na nakuambia kweli, dada, kifua kilinijaa furaha mpaka nikaogopa ni moyo. Niliona fahari ambayo sikuwahi kuiona kwa jambo nililofanya mwenyewe.

Kesho yake, mkesha wa Mtakatifu Yohane, tulikula tortelli nje umande ukianguka, na watoto wote ishirini na wawili wakaja. Profesa alimwambia Ivonne kwamba ataibadilisha ripoti yake. Baada ya hapo walikwenda Prato, kwa kina mama wanaochambua sufu kuukuu kwa kuipapasa tu, na Firenze kwa washona ngozi, na jana Delfina akarudi kwetu kwa treni kuaga.

Oriana amempa nafasi. Akimaliza mitihani, mwezi wa pili, aje akae mwaka mzima ajifunze kazi kwa mshahara, alale kwetu katika chumba chako. Anaitaka, naiona machoni. Lakini ameniambia, "Bibi hatakubali, Babu. Habari ya mapaja ikianza mezani, yeye huinuka akaenda kuosha vyombo. Na sijui kwa nini."

Mimi najua kwa nini. Nayo ndiyo sababu ya barua hii.

Ule mwaka wa sitini na sita baba alipoyapanga mapaja sita ghalani, moja likiwa bovu, ili anijaribu mbele ya Ghirarduzzi mzee, wewe ndiye uliyemletea chakula. Alipokwenda kunawa mikono ukaichukua sindano, ukapita yote sita kwa dakika chache, ukanikuta mlangoni nikiogopa kuingia. "La nne," ukasema. "Karibu na mfupa. Na baiskeli yako ni yangu wiki nzima." Nikaingia, nikadunga moja baada ya jingine kwa uso wa mjuzi, nikasema la nne. Baba alilia. Kesho yake alinikabidhi sindano yake, iliyokuwa ya babu yetu, na wewe ukapelekwa kwa wanawake wenzako kupaka shahamu.

Hukusema kitu. Ulipoolewa ukaondoka, nilijiambia umesahau. Kazi niliisoma, hilo unikubalie. Miaka kumi nilinusa mpaka nikatokwa damu puani, na nikaiweza. Lakini nilijifunza kwa jasho kile ulichozaliwa nacho, na kila aliponisifu mtu nilikiona kidevu chako pale mlangoni. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka hamsini na saba.

Alhamisi ile sikushindwa na mtoto mgeni. Ni wewe uliyerudi ukaniambia tena paja gani ni bovu, safari hii mbele za watu, na safari hii nilikubali. Nisamehe, Armida. Nilipaswa kumwambia baba angali hai.

Delfina simwambii haya. Ni yako kusema, au kunyamaza.

Ndani ya kisanduku anachokuletea Delfina, kilichofungwa kwa uzi mwekundu, mna sindano. Yeye anadhani ni rozari ya mama. Siyo zawadi, dada, narudisha mali ya mtu. Na ukiona vema mtoto aje kwetu, basi usimruhusu kwa maneno. Mtie sindano mkononi kwa mkono wako mwenyewe, naye atajua imetoka kwa nani.

Msalimie sana shemeji Remo, na binti yako Nélida na mumewe, na yule jirani yako anayetuma majani ya chai yasiyonyweka. Ivonne anakubusu mashavu yote mawili, na anasema goti lipakwe mafuta ya moto, siyo maneno makali. Mungu akutunze mpaka tuonane, na kama si huku basi kule walikokwisha kutangulia baba na mama, ambako nitakupisha uingie kwanza.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea fahari tangu mlango wa ghala,

Learco