Kamba ya Kichwani

Hartlaw, 12 Novemba 1768

Kaka yangu mpendwa Gideon,

Natumaini barua hii inakukuta salama huko Edinburgh, na kwamba tumbo limepunguza kukusumbua. Huku tu wazima, ila uzima wenyewe ndio huo. Mume wangu Wat alikuandikia habari za Jonet wetu kwa mistari miwili kwa sababu hakuweza zaidi. Mimi sikuweza kabisa mpaka leo.

Ulikuwa ugonjwa wa koo. Jumapili alisema mate yanamkwaruza, na Ijumaa akazikwa kando ya mama, pale ukutani panapopata jua la asubuhi. Wanaume ndio waliomzika. Mimi nilibaki nyumbani na wanawake wenzangu kuwakatia wageni wa msiba jibini, kama ilivyo desturi. Nilisikia mbwa wakibweka njiani, nikajua wamefika kwenye lango la kanisa.

Kaka, bado naweka bakuli lake. Siweki kwa makusudi. Nageuka kutoka motoni nikiwa na mabakuli matatu mkononi. Wat hulitazama lile la tatu, kisha hula na uji wa humo ili usipotee.

Mchungaji Kerr alikuja akasema nitamwona binti yangu tena. Bell jirani amesema hivyo. Kila anayeingia mlangoni anasema hivyo. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwa kuandika kwa mkaa kwenye jiwe la jikoni, na tangu hapo sijaamini jambo kubwa mpaka nilisikie kwako. Najua ulichoandika juu ya roho ya mtu katika kile kitabu chako kidogo, maana Mchungaji alitusomea kanisani ili atuonye. Sikuombi ukifute. Nakuomba mstari mmoja wa kwangu mimi peke yangu: kwamba nitamwona. Hakuna mwingine atakayeusoma.

Mdogo wako,
Grizel


Edinburgh, 24 Novemba 1768

Grizel mdogo wangu,

Pole. Poleni sana, wewe na Wat. Mimi sijambo, hilo lisikupe shida.

Ule mstari niliuandika, nikauchana. Nikauandika tena. Maisha yangu yote nimekaa na maneno ya watu waliokufa: mfalme huyu alisema nini, askofu yule aliona nini. Na kila mmoja namuuliza swali lile lile, wewe ulijuaje? Mahali alipo Jonet sasa, mimi sipajui, wala sijakutana na mtu apajuaye. Nikikuandikia kwamba najua, nitakuwa nimekudanganya wakati unaponihitaji kuliko wakati wowote. Siwezi, Grizel. Nisamehe.

Kuhusu bakuli, usidhani akili yako inaharibika. Ndivyo tulivyo sote. Hata jua, tunaamini litachomoza kesho kwa sababu tu limezoea kuchomoza na sisi tumezoea kulingoja. Mkono wako umemngoja Jonet kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Hauwezi kuacha kwa kuambiwa tu.

Ninachokijua ni hiki, kwa kuwa nilikuwepo. Kiangazi kile nilipokuja kwenu nilisinzia kwenye nyasi nyuma ya zizi, Jonet akanivua wigi langu akamvika mwanakondoo. Nilipoamka alikuwa amesimama mbele yetu, mikono kiunoni, pua ina masizi. "Mjomba," akasema, "sasa huyu ndiye msomi. Wewe nenda ukale majani." Nilimwona kwa macho yangu na nilimsikia kwa masikio yangu. Hilo naweza kuliapia mbele ya yeyote.

Kaka yako,
Gideon


Edinburgh, 2 Februari 1769

Grizel mdogo wangu,

Hujambo? Wat hajambo? Nimengoja barua. Labda theluji imefunga njia. Kama si theluji, basi nimestahili.

Kaka yako,
Gideon


Edinburgh, 9 Aprili 1770

Grizel mdogo wangu,

Theluji ya mwaka jana iliyeyuka, ya mwaka huu nayo imeyeyuka, nami sijapata neno kutoka kwako. Hata hivyo nawatakia heri, wewe na Wat na kondoo wenu.

Mimi si mzima. Ni lile tumbo. Nimeonwa na madaktari wanne, na kila mmoja amenipa ugonjwa anaoupenda yeye. Lakini wote wanne wananiaga kwa sauti ya upole mno, na hapo ndipo nilipopata jibu.

Unawakumbuka Dugald na Ewan, wale watu wa milimani wanaonibeba kwenye kiti mitaani? Zamani walikuwa wakinitania tukipanda kilima. "Bwana," Dugald alikuwa akisema huku akihema, "si wewe unayesema mtu hana roho? Sasa uzito wote huu ni wa nini?" Nami humjibu, "Ni wa chakula cha jioni, Dugald, beba." Wiki hii amenibeba kimya mpaka mlangoni. Kisha akasema, "Umekuwa mwepesi, mzee. Mimi hili silipendi."

Nina ombi moja. Nataka nizikwe Hartlaw, kando ya mama na Jonet. Najua sitakuwa na habari kwamba nipo hapo. Hilo nimeliandika mwenyewe na sijalibadili. Hata hivyo, nataka. Unaona, mdogo wangu, nami pia naweka bakuli.

Kaka yako,
Gideon


Hartlaw, 28 Aprili 1770

Kaka yangu Gideon,

Pole kwa maradhi. Wat anakusalimu sana. Kondoo wamezaa vizuri na baridi imetuhurumia.

Sikuwa nimekosa karatasi. Kila niliposhika kalamu niliuona ule mstari ambao hukuuandika, nikaiweka chini. Ilikuwa hasira. Mwaka mzima na zaidi nimekaa nayo humu jikoni kama mgeni asiyeaga. Sasa naiweka kando, maana naona hatuna muda.

Wat alipeleka ombi lako kwa wazee wa kanisa, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. "Makaburi ni ya ukoo wao," Mchungaji Kerr akasema, "siwezi kumfungia lango. Lakini kushika kamba ni hiari ya mtu. Nimewaambia watu wangu wafikiri vizuri."

Huku bado tunateremsha jeneza kwa kamba sita, na ya kichwani ni ya ndugu wa karibu. Sasa hakuna anayetaka hata ya miguuni. Rob, mume wa Bell, alisema kwa sauti mbele ya watu wote, "Nimshikie kamba mtu aliyesema hakuna mbinguni? Akitaka kushuka, ashuke mwenyewe!" Wakacheka pale mlangoni mwa kanisa. Wat hakucheka. Lakini akishika kamba yako watamvua uzee wa kanisa, aliokuwa nao baba yake, na sijamsikia akisema atafanya nini. Usiku anajigeuza tu kitandani.

Mchungaji amesema ipo njia. Uandike mstari mmoja kwamba unatumaini ufufuo. Atausoma mbele ya watu, na kamba zote sita zitapata mikono.

Basi kila mtu anakuomba mstari mmoja, kaka. Nimekueleza kama walivyosema. Mimi sijaongeza neno.

Mdogo wako,
Grizel


Edinburgh, 20 Mei 1770

Grizel,

Salamu kwako na kwa Wat. Usiutazame mwandiko wangu, naandika nimelala.

Mstari ninao humu, kwenye karatasi ya pili, na sahihi yangu iko chini yake. Sikuuandika kwa ajili ya Mchungaji Kerr. Nimeuandika kwa sababu uliniomba ukiwa umefiwa nikakunyima, na miezi hii yote ya ukimya wako nimejiuliza nilikuwa nalinda nini. Labda ukweli. Labda jina langu tu. Mtu akilala kitandani mchana kutwa, mambo hayo mawili yanafanana sana.

Wat asipoteze heshima yake kwa sababu yangu. Nawe chukua ulichoomba. Mstari umechelewa, lakini ni wako. Ufanye nao utakavyo.

Kaka yako,
Gideon


Hartlaw, 2 Juni 1770

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini unapata usingizi, na kwamba kuna mtu wa kukugeuzia mto.

Karatasi yako imefika. Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa nikaisoma tena, nikalia, kwa sababu ndiyo niliyoitaka. Nilikuwa nimeshajifunga shawli niipeleke kwa Mchungaji. Nilipofika kwenye zizi nikamkumbuka yule mwanakondoo na wigi lako, nikarudi.

Nitakueleza ninavyoweza, maana mimi si msomi. Watu wote wamenifariji. Wamenifariji kwa wema, na mpaka leo sijui ni yupi anayejua na ni yupi anayenihurumia tu. Ni wewe peke yako uliyesema hujui. Kwa hiyo uliposema pua ya Jonet ilikuwa na masizi, niliamini kwamba ilikuwa na masizi. Nilikukasirikia, lakini barua ile niliisoma mpaka mikunjo yake ikakatika. Wewe ndiye shahidi wangu wa Jonet. Ukianza kunihurumia leo, Gideon, nitaanza kujiuliza kama na wigi pia lilikuwa huruma. Nitakuwa nimempoteza mara ya pili.

Nimeitia karatasi yako motoni, chini ya chungu cha uji. Wat aliniona. Akauliza, "Ndiyo ile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akatoka kwenda kuwatazama kondoo, na hakurudi mpaka uji ulipopoa.

Njoo kama ulivyo. Kamba ya kichwani nitaishika mimi.

Mdogo wako,
Grizel


Hartlaw, 19 Agosti 1770

Kaka yangu Gideon,

Barua ya Juni hukuijibu. Mwezi wa Julai walinipa habari kwamba hutajibu.

Dugald na Ewan walikuleta wenyewe kwa mkokoteni, ndani ya jeneza. Walipofika, Dugald alivua kofia akaniuliza, "Mama, wewe ndiye Grizel? Tulimsomea barua yako ya mwisho, akataka irudiwe." Kisha akala jibini nusu peke yake, kwa hiyo tukajua kwamba ni mtu mwema.

Nilipovua aproni Bell alinishika mkono. "Grizel, wanawake hawaendi kaburini!"

"Basi leo anaenda mmoja," nikamwambia. "Wewe kata jibini."

Wanaume walikuwa wamejipanga ukutani, mikono mifukoni. Hakuna aliyecheka. Mimi nilishika ya kichwani, Dugald na Ewan wakashika za ubavuni, na nyingine tatu zikabaki kwenye nyasi. Tukasimama hivyo. Nikasikia hatua nyuma yangu, sikugeuka, lakini hatua za Wat nazifahamu. Alipita bila kunitazama akaokota ya miguuni.

Tukainua, na jeneza likaenda upande. Kamba ikateleza ikanichuna viganja. "Bado ni mzito, mama," Dugald akaninong'oneza, "kaza." Hapo Rob wa Bell akatoka ukutani akifoka: "Mtamwangusha mtu, wapumbavu nyie! Leteni hapa!" Akaikamata ya tano. "Simshikii yeye," akatuambia wote, amewiva uso. "Nashikia jeneza." Ya sita haikupata mtu. Ulishuka hivyo hivyo, umeinama kidogo upande wa Jonet.

Wat ameitwa mbele ya wazee Alhamisi. Anapiga brashi koti lake, na leo asubuhi nimemsikia akipiga mluzi.

Najua ulivyosema, kwamba huko hakuna wa kusoma. Lakini mkono umezoea kukuandikia, na hauwezi kuacha kwa kuambiwa tu. Nami nimeipitia tena barua yako ile ya kwanza. Uliandika kwamba hujui. Hukuandika kwamba Jonet hayupo. Hilo nimelishika. Nawe si mtu asiyekosea, maana uliniapia kwamba siku ya harusi yangu mvua haitanyesha, na tulilowa mpaka mifupani.

Basi kama ulikosea, kaka, na ukamkuta kabla yangu, mwache amvike kondoo wigi. Mwambie mama yake hajambo. Umpe salamu zangu.

Mdogo wako,
Grizel