Tumbo la Sponji

Kisiwani Epi, Vanuatu
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Kalorib,

Nguruwe wako ni mzima, meno yake yameanza kupinda vizuri, na thamani yake inapanda. Mwanao ananyonya kwa jirani, na kwa kelele amekuzidi. Usihangaike kuomba ruhusa huko kwenye mashamba ya zabibu ya Australia. Tumeshamzika Leisavi.

Mchungaji ndiye aliyekupigia simu kwa sababu mimi nilishindwa.

Unayakumbuka matumbo yetu ya mazoezi? Mimi nilikata sponji ya godoro, mkeo Leisavi akashona kizazi cha kitambaa, ndani tukatia mwanasesere na puto la maji mekundu. Wanafunzi wangu wa udaktari walipasua, wakatoa mtoto, wakashona. Leisavi alikuwa akinitania: "Wifi, fanya mazoezi sana, maana utakuja kunipasua mimi!"

Nilimpasua Alhamisi. Mtoto alitoka upesi, kama mazoezini. Halafu damu ikaja. Puto huisha maji, kaka, ukashona kwa utulivu. Damu yake haikuisha. Ganzi ilikuwa ya kiunoni tu, kwa hiyo alikuwa macho, akaniuliza, "Wifi, bado tu unashona?"

Nikamwambia, "Namalizia."

Hakuuliza tena.

Jana wanafunzi walikuja kutaka somo, nikawafukuza. Kizazi cha kitambaa cha mwisho alichokishona Leisavi kiko hapa mezani. Nimekivuta kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote. Mshono wake hauachii.

Dada yako,
Leiwia