Kabla Hawajawahesabu Watoto

Jumatatu, 11 Septemba 2023

Miss Nasreen anaondoka Krismasi! Nimeyasikia langoni mwa shule asubuhi, mvua ikinichapa usoni. Kaniambia Bev, jirani yetu, mwenye watoto wanne na sauti kama honi ya lori. Shule haina hela ya kumlipa, basi.

Miss Nasreen, mwalimu msaidizi! Ndiye anayekaa na Ellis wangu kila asubuhi kwa mazoezi ya kusema. Mwaka jana kigugumizi kilimzuia mtoto hata kumaliza jina lake. Siku hizi anaagiza chipsi mwenyewe dukani. Polepole, watu wanasubiri nyuma yake — lakini anaagiza.

Kesho naenda ofisini. Kuna mtu atalia, na si mimi.

Jumanne, 12 Septemba

Nimelia mimi.

Bi Oldroyd, mwalimu mkuu, aliniacha nifoke mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akanimiminia chai. Akasema hela ya wasaidizi inaletwa na watoto waliosajiliwa kwa chakula cha bure kwa sababu kipato cha nyumbani ni kidogo. Kwa kila mmoja, serikali inaipa shule pauni elfu moja mia nne na zaidi kwa mwaka. Na akishaingia anahesabiwa miaka sita, hata kama baba yake atapata kazi nzuri kesho.

Shida iko madarasa ya chini. Huko wote wanakula bure, wa tajiri na wa maskini, kwa hiyo wazazi hawajisumbui na fomu. Watoto wanakula, shule haipati kitu. Alhamisi ya tarehe tano Oktoba serikali inachukua idadi. Asiyekuwemo ndiyo imetoka.

Hakuniuliza lolote. Alikoroga chai yake tu. Lakini mimi nilijua. Tangu mume wangu Kieran aanguke kwenye paa la watu mwezi wa tano, tunaishi kwa posho ya serikali na saa zangu chache za kuuza mikate. Fomu sijajaza. Ellis yuko madarasa ya chini, si anakula? Na Maisie, aliye darasa la tano na hali bure kama mdogo wake, nimekuwa nikimfungia mkate na jamu. Kila siku jamu!

Jumatano, 13 Septemba

Nimemwambia Kieran. Hapana, kasema. Hata sentensi hajaniacha nimalize. Yeye fundi wa mapaa, si ombaomba, goti litapona.

Nikamwambia goti lake silo linalofundishwa kusema pale shuleni. Nilimchoma vibaya, najua.

Halafu akanieleza jambo ambalo sijalisikia miaka yote ya ndoa. Enzi zake shuleni, waliokula bure walipewa tiketi za kijani na foleni yao peke yao. Alipopita na sahani, wenzake walikuwa wakigonga vijiko mezani. Wote, kwa pamoja, mpaka akae.

Nikasema siku hizi hakuna tiketi, mtoto anaweka kidole kwenye mashine kama wenzake, hata mpishi hajui nani kalipiwa na nani. “Watajua tu, Rox,” akasema. “Watoto wananusa.”

Ijumaa, 22 Septemba

Kama nyumbani kumefungwa, langoni kuko wazi! Wiki nzima nimewaganda akina mama. Leo Bev.

“Kwani nikijaza, wanangu wataongezewa soseji?”

“Wataongezewa mwalimu.”

“Mwalimu haliwi na mchuzi, shoga.”

Lakini akajaza, kwa simu, chini ya mwavuli wangu. Jibu likaja palepale: wanastahili. Akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Kisha akanigeukia. “Na wewe ulijaza lini?”

Nikajifanya namtafuta Ellis.

“Ahaa!” Alicheka mpaka akajishika mbavu. “Unatuuzia pai ambayo mwenyewe huigusi!”

Nimerudi nyumbani masikio yanawaka.

Jumatatu, 25 Septemba

Hina, mama mwingine wa langoni, kajaribu, kakataliwa. Anatunza wazee usiku kucha, na kwa vile aliongeza zamu mbili tatu, kipato chake kimepita kiwango. Kidogo tu! Bintiye anavaa viatu vya dada yake, lakini kwa serikali wao wana uwezo. Aliniambia bila hasira, akifunga koti. “Wewe unayeruhusiwa, unasubiri nini?”



Jumatatu, 2 Oktoba

Bi Oldroyd anasema tumesogea lakini bado. Majina machache zaidi na Miss Nasreen anabaki. Machache!

Jioni Maisie karudisha mkate wake mzima. Kasema jamu imemkinaisha, bora akae na njaa. Hakulalamika — alisema kama anavyosema mvua inanyesha. Kieran alikuwa palepale. Aliangalia dirishani.

Nimeamua. Namba ya bima ya taifa ninayo ya kwangu, fomu haihitaji ya kwake. Ningeweza kujaza kazini, dakika tano, asijue. Sitaki. Sitamlisha mtoto wangu kwa kificho kama mwizi. Nimemwambia: Jumatano saa kumi, mezani hapa, mbele yako. Kachukua magongo yake akatoka uani. Mvua yote ile!

Jumanne, 3 Oktoba

Hatusemeshani. Chai kanipikia lakini.

Jumatano, 4 Oktoba

Saa kumi na robo. Naandika huku simu iko mezani.

Nilianza saa kumi kamili. Jina langu, namba yangu. Kieran alikuwa kwenye kochi, sauti ya televisheni juu kabisa. Nilipofika pa majina ya watoto, akaizima.

“Ellis mwandike,” akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

“Ellis anakula na wote, hakuna atakayejua. Na yule mwalimu wake abaki. Mwandike. Maisie hapana.”

“Kieran, Maisie ndiye anayeshinda na njaa!”

“Maisie ndiye watakayemgongea vijiko!”

Tukatazamana. Nimeona macho yake — alikuwa tena na umri wa miaka tisa pale kwenye kochi, na magongo kando. Sikumfokea. Nikamwambia taratibu, mpenzi, simwachi mtoto mmoja nje. Wote wawili, leo, kabla sijainuka kwenye kiti hiki. Ila sitaki tuamue bila yeye. Ana akili, muulize. Mweleze na habari ya vijiko.

“Nimweleze mimi?”

“Wewe.”

Alijipapasa goti. Kisha akamwita.

Jina la Ellis limeshaingia. Chini yake pako wazi. Maisie anashuka ngazi, anauliza kafanya nini tena. Kieran amejivuta mpaka ukingoni mwa kochi, anaweka sawa kola ya shati kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili, na sasa mlango unafunguka. Naweka kalamu chini.