Rangi Nyeusi Niliyokupaka

Hawe Sidi,

Shikamoo. Hutaniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Hukuwa nyanya yangu wa kuzaliwa. Ulikuwa jirani, nami nilikuita Hawe kama tuwaitavyo nyanya zetu, nawe ukanilisha kila mama alipochelewa sokoni.

Watoto wa kakako sasa wanalima shamba lako. Mlango wameung'oa. Paka wako anakula kwetu.

Kuna jambo sijamwambia mtu tangu tukuzike.

Siku ile ulikuja ofisini kwa chifu, ukaketi mbele ya meza yangu. "Karani, andika. Watoto wa kaka yangu wanasema nimemroga mtoto wao. Ati mvi hizi ndizo ushahidi." Kitabu cha malalamiko kilikuwa wazi, kalamu ninayo mkononi. Lakini watoto wa kakako wanajua ninapolala. Nikakifunga kitabu. Nikakwambia twende nyumbani, nitakununulia rangi nyeusi; mvi zikifichika, maneno yataisha.

Nilikupaka mwenyewe kwa mswaki mkuukuu, umekalia mbuzi ya kukunia nazi. Ukacheka. "Nikifika kwa Mungu atauliza, kijana huyu katoka wapi? Mimi nilimwita kikongwe."

Maneno hayakuisha. Jumapili ulipoketi kanisani, benchi zima likahama. Zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nikasoma kwamba kumpenda Mungu na kumpenda jirani haviachani, nikasoma bila kukwama hata neno moja. Kisha nikashuka, nikapita benchi lako, nikaenda kukaa na wanakwaya.

Nje ulinishika mkono. "Umesoma vizuri, mjukuu wangu."

Heri ungenitukana.

Sikuja kwako tena. Homa ilipokushika, mama alikuwa Malindi kwa dada yangu. Mimi nilikuwapo, ua mmoja tu kati yetu. Mama aliporudi ndiye aliyekukuta, na ulikuwa umeshakwenda. Nilipokuaga kabla ya jeneza kufungwa, niliona mvi zimechomoza chini ya rangi yangu.

Jana Mzee Karisa, yule msusi wa makuti, alikuja ofisini amevuta kofia hadi masikioni. Alipoivua, nywele nyeusi tititi, rangi imemchuruzika shingoni. Nikajua naye ameitwa mchawi.

Nilifungua kitabu. Mstari wa kwanza ulipinda. Lakini niliandika yote, na majina ya wanaomtisha, na mwisho nikatia jina langu kamili. Leo asubuhi chifu amesoma, amewaita. Kwa hiyo sasa wanajua nani aliyeandika. Naogopa, Hawe. Nimekula mchana huu nikiangalia mlango.

Ningeandika lalamiko lako, pengine ungekuwa unanicheka sasa hivi. Pengine. Hilo nitajiuliza maisha yangu yote.

Keshokutwa ni Jumapili. Nimemwambia Mzee Karisa asijipake tena, na kwamba nitampitia twende pamoja. Tutakaa benchi lako. Wengine wakihama, na wahame. Yeye hatakuwa peke yake.

Lala, Hawe. Ulihitaji mtu mmoja tu wa kuketi nawe, nami nilikupita. Nisamehe. Naahidi sitapita tena.

Mjukuu wako wa ng'ambo ya ua,
Kazungu